Mwaka Niliomwandikia Maalim Makame

Juzi tumemsomea Bi Moza hitma. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, maana magoti yangu siku hizi hayaelewani na mkeka, na kina mama wakawa wananipitia na sinia za pilau wakiniuliza, "Mwalimu Zuwena, mbona huli?" Nikawajibu nnakula. Uongo mtupu. Nilikuwa nalitazama jiko. Sasa lina friji kubwa na meza ya plastiki, na watu wanaingia na kutoka bila kujua kwamba humo, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nilisema neno gumu kuliko yote niliyopata kumwambia mtu mzima. Maalim Makame, mume wa Bi Moza, alitangulia zamani. Sasa na mkewe kaenda. Hao ndio waliokuwa na haki ya kukasirika nikiusimulia mwaka ule, na mradi hawapo, nausimulia.

Nilikuja mjini Unguja kutoka Matemwe kusomea ualimu wa hesabu, na Bi Moza akanipa chumba nyumbani kwao Kiponda. Chumba chembamba, juu kabisa, dirisha moja linatazama ukuta wa jirani, na ukifungua mlango unakutana na ngazi ya mbao inayopanda mpaka juu ya paa, ambalo lilikuwa bapa, la chokaa, na ukuta mfupi pande zote. Kodi hakutaka. "Kodi yako ni macho yako," aliniambia siku ya kwanza huku akinimiminia chai. "Mume wangu anaiona nyota iliyoko mbinguni, lakini nambari iliyo mbele ya pua yake haioni. Miwani kakataa. Ati inamzeesha." Maalim alikuwa amekaa papo hapo, anachovya boflo kwenye mchuzi wa jana, akajibu bila ya kuinua uso: "Sijakataa. Nimeahirisha." Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisemezana kutwa, na mimi mwanzo nikidhani wanagombana. Ilinichukua mwezi mzima kujua kuwa ndiyo mapenzi yenyewe hayo. Mpaka leo nikiona mume na mke wanaambiana maneno laini mbele za watu huwa siwaamini sana.

Maalim alikuwa amesomesha hesabu mpaka kustaafu, na alipostaafu akaingia katika kazi ambayo mjini hapa hapakuwa na aliyeijua ila sisi wa nyumba ile. Alikuwa akifuatilia setilaiti. Si kwa mitambo, jamani. Kwa darubini ya kizamani ya kushika mkononi, redio ya masafa mafupi, saa ya kubonyeza kama ile ya kupimia wakimbiaji, na ramani za nyota zilizokwisha kuwa laini kama kitambaa. Jua likishatua, huku chini kunakuwa giza lakini kule juu chuma bado kinapigwa na jua, basi unakiona kinapita, nukta ya mwanga isiyopepesa, kinaikata mbingu kwa dakika tatu nne. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa na nyakati mbili tu, baina ya Magharibi na Isha, na baada ya sala ya Alfajiri kabla hakujapambazuka sawasawa. Maalim hukingoja chuma kipite baina ya nyota mbili anazozijua, akapiga kelele, "Sasa!", nami nikabonyeza saa. Kisha tunasikiliza redio, kituo kinachotoa mlio kila sekunde, tunailinganisha saa na mlio, na tunajua chuma kilikuwa wapi na wakati gani. Ukikusanya hivyo siku nyingi, ukakaa na kikokotoo na subira, unapata njia yake yote ya kuizunguka dunia, ambayo yeye akiiita mzingo, na unaweza kusema kesho kitatokea upande gani. Vipimo vyetu tukivipeleka kwa mzee mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akivikusanya kutoka nchi nyingi, kwa watu kama sisi, wasiolipwa hata senti. Sisi alitupenda kwa sababu kuna vyuma vinavyozunguka karibu na mstari wa ikweta tu, na huko kwao kaskazini havionekani kabisa. Mwaka ule kulikuwa na kimoja, gamba la roketi iliyokwisha kazi, ambalo wenzetu walikuwa wamelipoteza. Maalim ndiye aliyeliona tena, juu ya paa la Kiponda, na alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Alitaka aupate mzingo wake kabla halijaanguka, na uandikwe kwa jina lake. Hakuwahi kutaka kitu kingine kwa watu wale.

Miaka yote ya nyuma aliandika vipimo mwenyewe. Mwaka ule macho ya karibu yakamshinda, na mimi nikawa mtu wa kwanza kulishika daftari lake. Kabla hajanikabidhi alinikalisha chini. "Zuwena, usiandike unachodhani. Andika ulichokisikia kutoka kwangu na ulichokisoma kwenye saa. Alikuja kijana hapa, mwanafunzi wangu mwenyewe, siku ya mawingu nikamwacha achunguze peke yake, akanibunia nambari ili nifurahi. Sikumwita tena." Nikasema, "Naam, Maalim." Akaniuliza, "Na saa je?" Nikamjibu, "Ya kwetu nnaongeza kumi na tano." Maana watu wale wote walitumia saa ya Greenwich, na saa moja ya usiku kwetu ni saa kumi na sita kwao. Hili alinitahini wiki nzima. Hata nnakaanga samaki nitamsikia kutoka ngazini, "Saa mbili kasorobo!" Nami nnapiga kelele, "Kumi na sita na dakika arubaini na tano!" Bi Moza hucheka mpaka akashika kiuno. "Mtamtia wazimu mtoto wa watu," humwambia. Saa alinifundisha ikaniingia. Tarehe hakunifundisha, kwani nani asiyejua tarehe?

Tarehe nilikuwa nnaichukua jikoni. Palikuwa na kalenda ya kuchana, zawadi ya mwenye duka mmoja wa Mlandege, karatasi moja kwa siku, juu imeandikwa tarehe ya Kiislamu kwa wino wa kijani na chini ya kizungu kwa wino mweusi. Tukishasali Magharibi napita jikoni, naitupia jicho, napanda juu, naandika ile ya chini. Alfajiri vilevile. Tukishuka Isha tunakula, na chakula cha nyumba ile sikisahau: wali wa nazi na mchuzi wa changu wenye ukwaju, au mbaazi, au siku Bi Moza akichoka, mkate wa kumimina na chai. Maalim hawezi kula bila ya kueleza jambo. Atachukua ndimu, ataizungusha sahani, sahani ndiyo dunia, ndimu ndiyo gamba, na Bi Moza atamwambia, "Gamba lako limetua kwenye mchuzi wangu, ulile au ulitoe." Ilikuwa raha. Nasema hivi kwa sababu nikieleza yaliyofuata utadhani mwaka ule ulikuwa wa huzuni, na haukuwa.

Baada ya miezi miwili ikaja barua pepe ya yule mzee wa ng'ambo. Siku hizo intaneti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mjini, na mimi ndiye niliyekwenda dukani kuchapisha majibu, nikayaleta karatasini. Nikamsomea: vipimo vya alfajiri ni vizuri kama kawaida yako, lakini vya jioni vimeanza kutokaa sawa, pengine umechoka? Maalim akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. "Haya," akasema, akapanda juu peke yake mchana kweupe, akakaa. Mwezi wa tatu ikaja ya pili, ya adabu zaidi, na kwa hiyo ikauma zaidi: vipimo vyote vya jioni vimewekwa kando, havitatumika kuupata mzingo wa gamba. Tukakaa mezani mimi naye, nikamsomea nambari zetu moja moja, yeye na kikokotoo, na kweli, za alfajiri zinalingana na za jioni zinapotea. Hazikupotea kwa mbali. Zilipotea kwa dakika chache tu, kosa la mtu aliyezeeka.

Tangu hapo nikamwona anajipima. Akiwa ngazini anataja majina ya nyota taratibu, moja baada ya moja, na akikwama anarudi mwanzo. Akisahau funguo anakasirika hata jirani akasikia. Aliwahi kunambia, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa na mzaha ndani yake, "Asubuhi nnayo akili, Zuwena. Jioni hainifuati." Bi Moza akaanza kumpa asali na habbasoda kila asubuhi, kijiko kikubwa, na yeye aliyekataa miwani akawa anaimeza bila ya kubisha. Hilo lilinitisha kuliko barua.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mvua. Hatukupanda. Nilikuwa jikoni nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, Bi Moza katoka kusali Magharibi, akapita mbele yangu, akaichana karatasi ya kalenda, akaitia kwenye mkebe aliokuwa akiweka karatasi za kufungia bizari. "Haya, Ijumaa hiyo imeshaingia," akasema. Nikamwambia, "Bi Moza, mbona umechana sasa hivi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Nichane lini? Jua limeshatua, siku imekwisha. Marehemu bibi yangu alinifunza, ukishasali Magharibi, chana." Na alikuwa na haki. Kwetu siku huanza Magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, na mimi nimezaliwa nikijua hivyo, Matemwe mtu mzima hawezi kukwambia vingine. Wino wa kijani ulikuwa sahihi. Lakini wino mweusi chini yake ulikuwa wa watu wengine, wanaongoja mpaka saa sita ya usiku ndipo wabadilishe siku, na mimi kila jioni kwa miezi mitatu nilikuwa nnawaandikia tarehe ya kesho. Alfajiri karatasi ileile ilikuwa sawa. Magharibi ilikuwa mbele siku nzima.

Niliiacha nazi hapo hapo. Nilipanda chumbani na mikono imejaa machicha, nikafungua daftari, nikachukua kipimo cha jioni moja, nikaondoa siku moja, nikakokotoa. Kikakaa. Nikachukua cha pili, kikakaa. Wote tulidanganywa na kitu kimoja: lile gamba kila siku lilipita karibu palepale, likiachana na jana kwa dakika chache tu, na kwa hiyo kosa langu la siku nzima lilionekana kama kosa la dakika chache la mzee wa watu. Macho yake yalikuwa mazima. Akili yake ilikuwa nzima. Mwenye kosa alikuwa amekaa juu ya kitanda chake cha kamba na daftari mapajani.

Ningeteremka saa ileile nikasema. Sikuteremka. Nilimkumbuka yule kijana asiyeitwa tena. Niliona haya, haya ya mtu aliyesifiwa, maana Maalim alikuwa akiwaambia watu barazani kuwa hajapata kuwa na mwanafunzi makini kama mimi. Nikajiambia pia kuwa nitamponza Bi Moza na kalenda yake, na huo ulikuwa uongo wa kujipoza, kwani Bi Moza hakuwa mtu wa kuponzwa na chochote. Nikaamua kimyakimya kwamba kuanzia kesho nitaandika tarehe sahihi, na mambo yatajiponya yenyewe. Nikafanya hivyo siku kumi na moja. Vipimo vya jioni vikarudi kukaa sawa, na mimi nikamsomea hesabu nikimtazama usoni, nangoja afurahi. Hakufurahi. "Mgonjwa naye ana siku zake nzuri," akasema, akafunga daftari.

Siku ya kumi na moja, baada ya Adhuhuri, nilikuwa nimejilaza na mlango wazi kwa ajili ya upepo, na sauti zao zikanipandia kutoka chini. "Moza, nnaogopa." Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Baba alianza hivihivi. Jioni. Mchana mzima mtu wa maana, jua likitua anamuuliza mama, wewe nani, umeingia vipi humu." Nikasikia Bi Moza akiweka upawa juu ya sahani. Kisha akasema, "Ukiniuliza nitakujibu. Hata mara ngapi." Maalim akasema, "Nimeshamwambia fundi redio wa Mlandege aje Jumamosi aichukue redio na darubini. Kheri niache mwenyewe kabla watu hawajaanza kunihurumia." Nililia, nasema kweli, nikiuma shuka ili nisisikike. Niliogopa kufukuzwa, na kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa kumsahau mkewe.

Nikateremka. Walikuwa jikoni wote wawili, birika iko motoni inachemka. Nikasimama mlangoni na daftari mkononi, nikasema, "Maalim, kosa ni langu. Si macho yako wala si akili yako. Tarehe za Magharibi nilikuwa nazitoa kwenye kalenda hii, na Bi Moza huichana jua likitua. Zote ziko mbele siku moja." Nilisema kwa mkupuo mmoja, sikuvuta pumzi. Bi Moza akaigeukia kalenda yake kama imemtukana. Maalim akanyoosha mkono, nikampa daftari, akaomba penseli, akaomba kikokotoo, akaniambia nisome cha tarehe tano. Nikasoma. Akaondoa siku. Tukafanya kimoja, tukafanya viwili, tukafanya sita, na chai ikapoa yote. Cha sita kilipokaa, akaweka penseli chini. "Kumbe si mimi," akasema. Akakiinamisha kichwa juu ya meza, juu ya mikono yake, na mabega yakawa yanatikisika. "Moza, si mimi." Bi Moza akamwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kizingiti, sijui niingie au nitoke.

Alipoinua uso akaniuliza, "Tangu lini unajua?" Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. "Siku kumi na moja, Maalim." Akarudia taratibu, "Kumi na moja." Kosa la tarehe hakuwahi kunilaumu, hata mara moja. Alinilaumu kwa siku zile. "Umenitazama siku kumi na moja nikijizika," akanambia, "na jibu unalo mfukoni." Siku tatu hakusema nami. Tukiwa mezani, nimekaa kando yake, atasema, "Moza, mwambie huyo mtoto anipitishie chumvi," na Bi Moza atasema, "Mtoto huyo, nasikia ana masikio." Siku ya nne akaniita: "Zuwena!" "Naam, Maalim!" Nilikimbia nusura nivunjike mguu. Akataka niandike barua kwa mzee wa ng'ambo kwa jina langu mwenyewe, nieleze nilivyokosea, nisipunguze na nisiongeze. Niliiandika mara tano. Jibu lilipokuja, vipimo vyote vya miezi mitatu vilikuwa vimerudishwa, na mzingo wa gamba umepatikana na kuandikwa kwa jina la Maalim Makame wa Unguja. Fundi redio alirudi Mlandege mikono mitupu, kanywa chai tu. Na kalenda? Bi Moza alikataa katakata kuchana wakati mwingine. "Siku yangu inaanza Magharibi. Nyinyi na kizungu chenu tafuteni yenu." Maalim akaenda Darajani, akanunua ya pili, akaitundika ngazini.

Mimi nimefundisha hesabu tangu mwaka ule, na mwanafunzi akiniletea kosa lake kwa miguu yake mwenyewe simwadhibu. Wenzangu wakisema nnawadekeza. Waache waseme.

Lakini lililonifanya nisile pilau juzi si hilo. Miaka saba ilikuwa imepita. Nilikuwa nimeshaolewa, na nikiwatembelea kila Alhamisi alasiri. Maalim hatimaye alikuwa amevaa miwani, na alikuwa akiandika daftari lake mwenyewe tena, kwa penseli na kwa mkono wake mkubwa wa ubaoni. Siku hiyo nilimkuta jikoni, amelifunua mbele yake, analitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim," hakuitikia. Nikaangalia juu ya bega lake. Ukurasa mzima ulikuwa mwandiko wake. Nyota ya Suheli kaiandika mahali isipopata kuwapo, na chini yake, dakika sabini na tatu, kama kwamba saa moja haina sitini tu. Aliweka kidole juu ya ile sabini na tatu, akakiondoa, akakirudisha. Bi Moza alikuwa kwenye kigoda anachagua mchele, na mikono yake ikasimama. Maalim akainua uso, na nikaiona ile hofu niliyoisikia kwa masikio tu mwaka ule.

"Zuwena. Kosa hili lako au langu?"

"Langu, Maalim."

"Tangu lini unajua?"

"Sasa hivi. Nimeliona sasa hivi tu."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, akanisogezea daftari na ufutio. "Afadhali umesema mapema," akasema. "Futa, tuandike upya." Nikakaa kando yake, nikaufuta mwandiko wake wote, nikaandika wangu.